Kanzu ya mzee wangu kwenye meza ya gala

Jirani yangu hapa Chumbageni, Tanga, kijana wake anaishi Uingereza na kawaalika yeye na mumewe wakapande meli ya kitalii mwezi wa nane, basi tangu apate habari hiyo kila akija kwangu swali ni moja tu, dada, hizo nguo za chakula cha usiku zikoje, mana kaambiwa kuna siku usipovaa inavyotakiwa huingii ukumbini. Nimemweleza mara tatu nne na kila nikieleza nakumbuka kitu kingine, nikaona bora nikae niandike yote tuliyopitia mie na mzee wangu, atasoma yeye na atasoma mwengine yeyote ambaye mtoto wake atamfanyia ihsani kama hiyo.

Sisi tulikwenda mwezi wa sita mwaka juzi. Binti yetu ni nesi huko Uingereza, kajidunduliza miaka akasema baba kafanya kazi bandarini maisha yake yote anapakia na kupakua meli za wenzie, lazima na yeye alale melini awe ndo mgeni. Na kweli, mzee wangu alikuwa karani wa mizigo bandari ya Tanga, enzi zile kabla gati halijachimbwa kina, meli kubwa zinatia nanga huko nje na matishari ndo yanakwenda kufuata mzigo, kwahiyo meli kaziona kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, lakini kukaa mezani ndani ya meli akaandaliwa chakula, hajawahi. Safari yenyewe ilikuwa siku saba, kutoka Southampton mpaka Norway na kurudi, na tulihitaji visa mbili, ya Uingereza na ya Schengen ya kuingilia Norway, hilo nalo ni habari yake peke yake siliingii leo.

Miezi miwili kabla ya safari binti akatutumia maelezo ya mavazi. Nilipoyasoma nilishtuka. Yani mchana vaa utakavyo, lakini ikifika saa kumi na mbili jioni meli inabadilika, kila usiku una vazi lake. Kuna usiku wa kawaida, wanasema smati kazho, hapo mwanamme shati lenye kola na suruali ndefu anaingia, mwanamke gauni au sketi au hata suruali nzuri. Halafu kuna usiku wa gala, na katika siku zetu saba zilikuwa mbili, hapo ndo wanaume wanatakiwa taksido, ile suti nyeusi ya sherehe, na tai ya kipepeo au angalau suti ya rangi nzito na tai, na wanawake magauni ya kwendea harusini. Pensi, singlendi, ndala, kofia za kapelo, nguo za kuogelea, hivyo ukumbini mwa chakula usiku haviingii siku yoyote ile.

Mie kwa upande wangu sikuwa na wasiwasi, mwanamke wa Tanga atakosa gauni la harusi? Sisi huku sare za harusi, sare za maulidi, kitchen party watu wanaambiwa rangi ya zambarau na wote wanakuja na zambarau, tumezoea kuambiwa vaeni hivi. Kilichonisumbua ni mzee. Mzee wangu suti ya mwisho kuvaa sijui mwaka gani. Tukaenda mitumbani tukapata suti nyeusi, shilingi elfu arobaini na tano, kitambaa kizuri, ila suruali ilikuwa inambana kiunoni, tukaipeleka kwa fundi wetu Ngamiani akaachia mshono mpaka ulipokwisha. Akaijaribu pale pale kwa fundi akasimama anajitazama kwenye kioo, nikamuuliza vipi, akasema inafaa. Miaka thelathini na nane nimekaa na huyu mtu, akisema "inafaa" najua hakijampendeza.

Nikamtilia na kanzu yake begini. Si kwa ajili ya kwendea kwenye chakula, hapana, hilo wala halikunijia, nilimtilia kwa ajili ya Ijumaa na kuswalia chumbani. Kanzu ya darizi rangi ya maziwa, na kofia yake ya vito niliyomshonea mwenyewe.

Sasa jambo la kwanza la kuzingatia, jirani yangu, ni mabegi. Pale Southampton mabegi makubwa unayaacha kwa wapagazi wa bandari, yanapita kwenye mashine kisha yanaletwa mpaka mlangoni kwa kebini yako, ila yanaweza kufika saa kumi jioni au saa mbili usiku. Mie nilitia pasi ndogo ya umeme ili ninyooshe nguo za mzee. Kumbe pasi ni marufuku melini, wanaogopa moto, moto baharini hauna pa kukimbilia, na wala siwalaumu. Begi likazuiliwa chini. Likabidi binti ashuke na mie tukafungue mbele ya askari wa meli, pasi wakaichukua wakanipa karatasi, nikarudishiwa siku ya kushuka. Begi lilivyotufikia chumbani ilishakuwa saa tatu, usiku huo nilikula na dira nililosafiria. Hakuna aliyeniangalia vibaya, na nikaja kuelewa kwamba ndo mana usiku wa kwanza huwa hawaweki gala, wanajua watu mabegi hayajawafikia. Na usiku wa mwisho vilevile, mana mabegi unatakiwa uyatoe nje ya mlango usiku yakashushwe mapema, sasa utavaa taksido halafu ulitie wapi. Kwahiyo nguo ya jioni moja, dawa zako na mtandio tia kwenye mkoba wa mkononi. Na pasi usibebe. Kuna chumba cha kufulia wana pasi zao na meza za kupigia, unapiga hapo hapo unaondoka, au unampa kijana wa kebini anakupelekea kwa malipo.

Kila jioni wanakuletea chumbani karatasi ya ratiba ya kesho, na pale juu imeandikwa vazi la usiku unaofuata. Usisubiri kusikia kwa watu, isome. Gala yetu ya kwanza ilikuwa siku ya pili, siku ambayo meli inakwenda tu baharini haifiki bandari yoyote, na ndo kawaida yao, siku za bahari tupu ndo wanaweka gala kwa sababu watu wana mchana mzima wa kujitengeneza, si kwamba umerudi kutembea umechoka na vumbi.

Basi mzee akavaa suti. Binti akamfunga tai. Tukatoka. Yale makorido ni marefu na watu wote wamependeza, wazee wa Kizungu wameshikana mikono na wake zao, magauni yanaburura, manukato, wapiga picha wamesimama kwenye ngazi, nami kwa kweli nilifurahi, nilijiona niko harusini kwa mtu mkubwa. Nilivaa gauni la kitenge lililoshonwa refu mpaka chini na mtandio wa rangi ya dhahabu, na njiani wanawake wawili nisiowajua walinisimamisha wakasifia. Lakini mezani nikamtazama mzee. Kakaa kama anapigwa picha ya pasipoti. Shingo kainyoosha kwa ajili ya ile kola, tumbo kaliingiza ndani, samaki kaletewa mzuri kala vijiko vitatu kaacha. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, inakubana? Akasema, si kitu. Roho iliniuma. Mtoto kaweka akiba miaka kwa ajili ya usiku ule na baba mtu anahesabu dakika.

Meza ya pili yetu palikuwa na mzee mmoja wa Kiskoti na mkewe. Huyu bwana juu kavaa koti fupi jeusi na tai ya kipepeo, chini kavaa ile sketi yao ya mirabaraba, kilt, na soksi ndefu, na kamfuko ka ngozi mbele. Mbele kidogo mama wa Kihindi na sari nyekundu ya zari. Nikawa nawaangalia, na hapo ndo kijana aliyekuwa akituhudumia alipokuja kuondoa sahani. Tulikuwa tumeshajuana naye tangu usiku wa kwanza, ni kijana wa Mombasa, alivyotusikia tunaongea alitaka kulia kwa furaha. Akaona sahani ya mzee imejaa. Akainama.

"Mamangu, mzee hakuja na kanzu?"

Nikamwambia anayo chumbani, ya kuswalia.

"Basi gala ya pili mvishe kanzu na koti na kofia. Yule babu pale mwaona kavaa sketi, yule ni nguo ya kwao. Na sheria za hapa zasema nguo rasmi ya kwenu yakubalika. Ila viatu mamangu, viatu vya kufunga, makubadhi hapana."

Binti akafungua simu pale pale akatafuta masharti ya meli, na kweli yapo, mstari mmoja tu mwishoni kabisa, vazi rasmi la taifa linaruhusiwa. Baadaye nikaja kujua si meli ile peke yake, hata kampuni ya Cunard, wale Waingereza wenye meli ya Queen Mary 2 ambao ndo wanasifika kwa kushikilia mambo ya mavazi, na wao kwenye usiku wa gala wanakubali vazi rasmi la taifa la mtu na sare za kijeshi. Tuliyasoma yale maelezo miezi miwili, mie na mzee na binti, na wote watatu tuliishia pale palipoandikwa taksido. Hatukumalizia.

Siku zilizofuata tulifika Bergen na vijiji vya kwenye zile fiodi, yani ghuba nyembamba za kule, milima inaingia baharini moja kwa moja na maporomoko ya maji kila upande, sitaweza kuyaeleza. Jambo moja tu, mwezi wa sita kule jua linazama karibu na saa tano usiku. Unaambiwa vaa nguo ya usiku na jua linakupiga usoni, unakula chakula cha usiku na Magharibi bado masaa manne. Jioni moja mzee alisema hana hamu ya kuvaa chochote cha maana, tukaenda juu kwenye bafe, kule shati na suruali ya kawaida inatosha, chakula ni kingi na hakuna anayekuuliza. Hilo nalo jirani lijue, gala si lazima. Usipotaka, kuna bafe, au unaagiza chumbani. Kwenye meli nyengine sharti la mavazi linashika ukumbi wa chakula tu, kwenye meli nyengine linashika na baa na sebule zao usiku kucha, hapo usome wao wanasemaje.

Gala ya pili ikafika, siku ya sita. Kanzu niliinyoosha mwenyewe kule chumba cha kufulia, akina mama wa Kizungu wamesimama foleni wananiuliza ni gauni la nani. Kofia nilikuwa nimeitia kanji kabla hatujatoka Tanga na nikaisafirisha imevikwa kwenye bakuli ndani ya begi isipondeke. Kofia hii nataka niieleze kidogo. Ni kitambaa cheupe mikunjo miwili, unachora maua kwa kalamu ya risasi, unatoboa tundu moja moja halafu kila tundu unalizungushia uzi mpaka linakaa duara, na tundu ni ndogo, ndogo kuliko punje ya mtama. Ilinichukua miezi minne, nashona usiku watoto wakilala. Nilimpa sikukuu ya Idi, na hadi leo anaivaa siku kubwa tu.

Basi akavaa kanzu, na juu yake koti la ile suti ya mtumba, mana koti halikuwa na kosa, lililombana ni suruali. Kofia. Viatu vyeusi vya kufunga. Akajitazama kwenye kioo cha kebini akaigeuza kofia kidogo tu, vile anavyoigeuza siku zote, hakusema inafaa, akasema twendeni tutachelewa.

Mlangoni tukazuiwa. Hakuwa msimamizi tuliyemzoea, huyu alikuwa mwengine, kijana mdogo, akamwangalia mzee kuanzia juu mpaka chini akasema kitu kwa Kiingereza na mkono kaunyoosha kama anatuonyesha tulikotoka. Binti yangu uso ukambadilika. Nyuma yetu foleni, watu wanatazama. Mzee akauliza, anasemaje? Binti kimya. Mzee akarudia, mwanangu, anasemaje? Binti akasema, baba, anasema nguo za kulalia haziruhusiwi ukumbini.

Nilihisi joto kutoka miguuni mpaka kichwani. Nguo aliyovaa kwenda kumzika baba yake, nguo ya Idi, nguo ya kila harusi tuliyohudhuria, mtu anaiita ya kulalia mbele za watu. Nilitaka niseme, maneno hayakuja, na Kiingereza changu si cha kugombana. Mzee yeye hakupandisha sauti. Akalishika koti akalivuta chini likae sawa, akasema, "Mwambie hivi, mama yako nilimuoa nimevaa hivi hivi."

Binti akatafsiri, sauti inamtetemeka, halafu akatoa simu akamwonyesha yule kijana ule mstari wa masharti yao wenyewe. Akausoma. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja haraka, mtu wa makamo, akasoma, akamwangalia mzee, akaweka mkono kifuani akaomba radhi, na kijana naye akaomba radhi, na nadhani alikuwa hajui kweli, hakuwa na ubaya, hakuwahi kuona kanzu maishani mwake. Lakini kutojua kwake kumeniuma na sioni haya kusema kumeniuma. Yule mkubwa akatuongoza mwenyewe mpaka mezani akamvutia mzee kiti.

Mzee alikula kila kilicholetwa. Supu, samaki, wali, kitu gani kile kitamu cha mwisho akaagiza na cha pili. Kijana wetu wa Mombasa akawa anapita anatabasamu tu. Na yule babu wa Kiskoti akainuka na kilt yake akaja mpaka kwetu, akampa mzee mkono, akauliza kuhusu kofia, mzee hakuongea akaninyooshea mimi kidole. Nikaeleza, binti anatafsiri. Babu akaomba aishike, mzee akamvulia, jambo ambalo nilishangaa mana kofia ile haiguswi na mtu, babu akaisogeza kwenye taa akawa anatazama mwanga ukipita kwenye tundu, akaniuliza ziko ngapi, nikamwambia sikuwahi kuhesabu. Akairudisha kwa mikono miwili.

Ndo mana namwambia jirani, mumewe asinunue suti. Atie kanzu nzuri, koti, viatu vya kufunga, na ule mstari wa vazi la taifa auchapishe kwa Kiingereza aukunje atie mfukoni mwa koti. Na kijana wake aandike barua kwa kampuni mapema awaulize, wajibu kwa maandishi, mkifika mlangoni mna jibu mkononi. Suti ni ya mtu aliyeizoea, kama anaizoea avae, na kwenye baadhi ya meli hata taksido unaweza kukodi bila kununua. Na aangalie ni kampuni gani, mana hazifanani. Norwegian wameacha lazima ya gala tangu 2000, unavaa gala ukipenda. Viking hawana usiku wa gala kabisa. Celebrity waliiondoa 2015 wakaweka usiku wa kupendeza tu, koti si lazima. Kwenye Cunard bado mambo ni mazito, kule ukiingia bila tai usiku wa gala utakwenda kula bafe. Kwahiyo kabla ya kufungua kabati ujue kwanza unapanda meli ya nani.

Kwa jirani mwenyewe, magauni mawili marefu yanatosha, si lazima kila usiku gauni jipya, hakuna mtu wa Kizungu atakayekumbuka ulivaa nini juzi, badilisha mtandio. Kitenge kilichoshonwa vizuri kinaingia gala, abaya ya kazi inaingia, dira liache kwa usiku wa kawaida na chumbani. Abebe shali nzito mana ukumbi ule una kiyoyozi kama friji. Viatu vya kisigino kirefu asivae, meli inayumba, kuna usiku nilishika ukuta korido nzima. Kanga abebe pea mbili, za kuswalia na za kujifunika, mie yangu ya Waja leo waondoka leo niliitandika kitandani na kijana wa kebini kila siku alikuwa ananikunjia vizuri.

Wanaondoka mwezi wa nane tarehe za mwanzo. Kanzu ya mumewe ipo kwa fundi Ngamiani anaitia darizi, na kofia nimeanza kuitoboa mie, duara la juu nimelimaliza juzi, bado pembeni.